Mstari Mmoja wa Rafiki

Kabla ya albamu ile, muziki wa Kikorea kwangu ulikuwa ni wale vijana wenye nywele za rangi ya soda waliobandikwa ukutani kwenye chumba cha binti wa dada yangu, pale Rooty Hill, Sydney, nilikokuwa nikiishi. Kila nilipopita na kapu la nguo niliwatazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa wa jirani: sina ugomvi naye, ila asinisogelee. Nilikuwa mwalimu wa kwaya, jamani. Nilijiona naujua muziki, na ambao sikuujua niliamua hauna maana.

Aliyenitoa ushamba ni mwenzangu wa kazini, Mkorea aliyekuwa akinipa lifti hadi nyumbani tukimaliza zamu. Tulikuwa tukiwahudumia wazee katika makao fulani karibu na Parramatta, mimi muuguzi, yeye msaidizi, na tulielewana kwa sababu sote wawili hatukupenda maneno mengi asubuhi. Gari lake lilikuwa kuukuu. Redio ilishakufa, kikabaki kidude cha kuchezea CD, nayo CD ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya mwanamke mmoja wa kwao, mtunzi na mwimbaji, ambaye kwa miaka alikuwa akipiga gitaa kwenye mikahawa midogo na kutoa wimbo mmoja mmoja. Hii ndiyo ilikuwa albamu yake ya kwanza iliyokamilika, nyimbo kumi, na mwenzangu alitumiwa na dada yake kutoka Seoul.

Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili nikajikuta naomba turudie wimbo wa nne.

Wimbo huo ulianza kwa kiti kulia. Ndiyo, kiti. Mwimbaji alikaa, kiti kikalia, akavuta pumzi kama anataka kuanza, akaghairi, kisha ndipo akaanza. Wakayaacha yote humo ndani. Mimi ningelikata lile pande la kiti bila huruma. Na sauti yake haikuwa kubwa. Kwenye kwaya yangu ningempanga sauti ya pili, mstari wa nyuma, na kumkumbusha kila Jumamosi afungue mdomo. Lakini hapakuwa na noti hata moja iliyokaa mahali pasipo pake. Nilichukua karatasi ya ratiba ya zamu nikaanza kuandika solfa nyuma yake, kama tulivyofundishwa shuleni, nikagundua kwamba hakuna fa wala ti. Hatua tano tu, kama nyimbo tulizoimba kwetu tukipepeta wimbi. Tulikuwa tumesimama kwenye taa nyekundu, nami nikacheka peke yangu kwa furaha, hadi mwenzangu akauliza kuna nini.

Nikamuuliza wimbo unasema nini. Akanieleza kwamba mama yuko kijijini, anafungasha mboga na kachumbari za kwao kwenye vikopo vya plastiki, anampa dereva wa basi ampelekee binti yake mjini. Binti anakula, anaosha vikopo, anavipanga dirishani vikauke, na hajui atie nini ndani yake avirudishe. Basi. Huo ndio wimbo mzima. Kwetu pia ni aibu kumrudishia mtu chombo chake kitupu, na siku ile nilimpenda yule mwanamke kana kwamba tumecheza pamoja utotoni.

Sasa niseme jambo ambalo kwa miaka minne sikumwambia mtu.

Kwaya yetu ilikuwa na watu kama ishirini, Warundi wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania na Wakenya wachache kama mimi. Tulifanya mazoezi kila Jumamosi katika ukumbi wa kukodi kule Macquarie Fields. Katika sauti ya pili kulikuwa na dada mmoja Mrundi, ananizidi miaka kidogo, anafanya usafi hospitalini. Nyimbo zilimjia akiwa kwenye basi la kwenda kazini. Alikuwa akifika mapema kabla ya wenzake, ananiimbia pale mlangoni mara mbili, maneno na sauti yake, wimbo umekamilika tayari kama yai. Mimi naandika solfa, napanga sauti nne, nafundisha. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Katika kwaya zetu wimbo ni wa kwaya, na sifa zikija humwendea mwalimu.

Mmoja wa nyimbo hizo ulihusu mama aliyebaki kambini. Ulipendwa mno. Makanisa yote ya Waswahili niliyoyajua Sydney yaliuimba, na siku moja kwenye mkutano wa pamoja pale Parramatta mchungaji akashika kipaza sauti, akaomba aliyeutunga asimame watu wamwone. Wanakwaya wakanisukuma, "Mwalimu, simama." Nikasimama. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikaelekeza kidole juu kuonyesha kwamba sifa zote ni za Mungu. Yaani nilimwibia mtu mmoja, shukrani nikampelekea Mwingine. Yule dada alikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Sikugeuka.

Tangu hapo nikawa mtunzi. Walimu wa kwaya nyingine walinipigia simu kuomba ushauri, nami niliwapa, tena kwa marefu na mapana. Sikuwahi kusema mimi ndiye niliyeutunga. Sikuwahi kusema si mimi. Nilijitia hamnazo, na yeye aliendelea kufika mapema na kuniimbia nyimbo mpya pale mlangoni, na mimi niliendelea kuzipokea.

Kijitabu cha ile albamu ndicho kilichonivuruga. Kilikuwa kinene, chenye picha za chumba cha juu ya paa alichowahi kupanga yule mwimbaji, na kurasa za mwisho zilikuwa maandishi matupu. Mchana mmoja tukiwa tunakula nilimwomba mwenzangu anisomee. Akaanza: wimbo wa kwanza, maneno yake, sauti yake. Wa pili, maneno yake, sauti yake. Nilikuwa nikitikisa kichwa kwa kustaajabu, kwamba mtu mmoja ana kisima kirefu namna hii. Alipofika wa saba akakisogeza kijitabu karibu na macho. Akasema hapa chini pana maandishi madogo: mstari mmoja wa sauti, katika ubeti wa tatu, ulitolewa na rafiki yake waliyewahi kukaa chumba kimoja. Jina la rafiki limeandikwa.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mstari mmoja.

Jioni ile tukausikiliza kwenye gari. Ni wa kitambo kama cha kumeza fundo moja la chai. Albamu ni yake, nyimbo kumi ni zake, jasho ni lake. Angeuacha mstari ule upite, nani angejua? Huyo rafiki mwenyewe pengine alishausahau. Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Nikamwomba mwenzangu aniandikie lile jina kwa penseli, kwa herufi ninazozijua, na aniazime CD na kijitabu chake siku chache. Hakuuliza sababu.

Ikumbukwe kwamba mwaka huo na sisi tulikuwa tunarekodi albamu yetu ya kwanza, katika gereji ya Mkongo mmoja kule Blacktown aliyoifanya studio kwa kubandika magodoro ukutani. Nyimbo zilikuwa nane. Tatu ni za zamani, za kambini, hakuna ajuaye nani alizitunga. Tano ni za yule dada, na ule wa mama ukiwemo. Alikuwa ameniambia kwa nini aliisubiri sana albamu hii. Mama yake mzazi alikuwa bado kambini, na kila wakiongea kwenye simu swali lake ni moja, kama bintiye bado anaimba au Australia imemziba mdomo. Kulikuwa na mtu anasafiri, angeibeba diski hiyo. Nikawaza: mama atasikia sauti ishirini kwa pamoja, hataitambua ya mwanawe. Ataomba asomewe kasha. Na kwenye kasha atalikuta jina langu.

Mkongo alinipigia simu siku ya Alhamisi.

"Mwalimu, pochette iko karibu kuisha," akasema, maana yake lile kasha la diski. "Kwa mtunzi nimeandika wewe, zote tano. Ni sawa?"

"Ngoja kwanza," nikasema.

"Printing ni Monday, mwalimu. Usinichelewesheye."

Jumamosi nikapiga moyo konde, nikaenda nyumbani kwa yule dada saa moja kabla ya mazoezi. Mwanawe alinifungulia mlango, nikamsalimu kwa Kiswahili, akaniitikia kwa Kiingereza, akarudi kwenye simu yake. Mama mtu alikuwa jikoni anakoroga maharage. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikamwambia kila kitu bila kukipamba: ile siku ya Parramatta, simu za walimu wengine, lile kasha la Mkongo. Hakuacha kukoroga. Nilipoona hanijibu nikaanza kuongea habari za yule mwimbaji Mkorea, kama mtu anayejificha nyuma ya mgeni. Nikafungua kijitabu, nikamwonyesha yale maandishi madogo na jina lililoandikwa kwa penseli. Nikamwambia kwamba huyu alimtaja mwenzake kwa ajili ya mstari mmoja, na mimi nimekaa juu ya nyimbo zako tano.

Akaniuliza kama wimbo wenyewe ninao.

Juu ya friji palikuwa na redio ya CD. Nikauweka wimbo wa saba. Akasikiliza kichwa kimeinama, mwiko mkononi. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katikati ya ubeti wa tatu akainua mwiko.

"Hapa," akasema. "Hapa imeingia mtu mwingine."

Sikuwa nimemwambia ni ubeti upi. Mimi mwenyewe, pamoja na solfa yangu yote, nisingeutambua kama nisingesomewa. Nilimtazama yule dada aliyeshika mwiko na kanga yake kiunoni, nikaelewa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mahali pa nani. Machozi yakanitoka. Yeye akafunika sufuria, akazima jiko, akasema twende, tutachelewa mazoezi. Kama amenisamehe hakusema, na sikuthubutu kuuliza.

Ukumbini nilisubiri watu wote wafike, nikasimama mbele ambapo huwa nasimama kila siku, nikawaeleza. Nyimbo hizi tano si za kwaya wala si za mwalimu. Nikaelekeza mkono kwake. Watu wakatazamana. Dada mmoja wa sauti ya kwanza, Mkenya mwenzangu, akajaribu kuniokoa, akasema lakini mwalimu ndiye aliyepanga sauti, bila mwalimu tungeimba nini. Nikatamani kulishika lile tawi. Nikasema hilo nalo litaandikwa, chini, kwa herufi ndogo. Mzee mmoja wa besi, ambaye kwa kawaida huja, huimba na huondoka, akainua mkono.

"Sasa mwalimu," akauliza taratibu, "wimbo yako wewe ni ipi?"

"Hakuna," nikasema.

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha tukaimba, kwa sababu ndilo tulilokuwa tumekuja kufanya. Nikawapa mwanzo mbaya mara mbili.

Baada ya mazoezi tulikunja viti kama kawaida. Yule dada alikuja upande wangu, tukawa tunavipanga pamoja ukutani, yeye anakunja mimi naegemeza. Tulikuwa tumefika mstari wa mwisho ndipo akasema, bila kunitazama.

"Mimi nilikuwa nakungojea tu uchoke, mwalimu."

"Miaka minne?"

"Wewe ni mtu wa nguvu," akasema.

Akakunja kiti kingine akanipa. Nikakipokea. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile, wala kusamehewa, na hadi leo sijui lilikuwa lipi kati ya hayo mawili. Nadhani yote.

Usiku huo nilimtumia Mkongo ujumbe wenye jina la mtunzi, herufi kwa herufi, na kumwonya asilikosee hata moja. Diski zikatoka, moja ikasafiri mpaka kambini. Mama yake alipoipata alimpigia simu, wakaongea muda mrefu. Sikuambiwa walisema nini, na safari hii nilijua kwamba haikuwa haki yangu kuuliza.

Jumatatu moja nikamrudishia mwenzangu CD yake na kijitabu. Sikuvirudisha mikono mitupu. Nilivitia kwenye mfuko pamoja na diski yetu. Yake akaiweka kando, na kwa mara ya kwanza tangu nilijue gari lile, akaingiza nyingine, yetu. Tulikuwa tunaelekea Rooty Hill, foleni imeganda. Akasikiliza wimbo ule wa mama hadi mwisho. Kisha akanipa kasha, akaniomba nimsomee, wimbo mmoja baada ya mwingine, kama alivyonisomea yeye, nani aliyeandika maneno na nani aliyetunga sauti.

Nikamsomea. Ni jina moja, mara tano, na kila mara nililitamka polepole ili alishike.