Chokaa Mlangoni

Mimi darasa la nne sikumaliza, lakini magorofa mawili hapa Ruiru ni yangu, na hakuna mtu alinisaidia. Wakati wa korona, wapangaji wangu Wajerumani walifungiwa ndani, ndege za kwao zimesimama. Watu wa afya walipokuja kupuliza dawa mlangoni pao, mtoto wao alikuwa dirishani akipiga makofi na kucheka. Nilishuka ngazi mbio, mimi nisiyeogopa kitu.

Utotoni nilikuwa kama yeye, kule Thika, kwenye nyumba za vibarua wa kahawa. Kipindupindu kilimshika mama, watu wa afya wakaja kumwaga chokaa mlangoni petu. Mimi chokaa nilijua ni ya Krismasi tu, ya kupaka nyumba. Nikairukia, miguu ikawa myeupe, harufu kali ikanichoma pua.

"Maitu, Krismasi imefika! Nguo yangu iko wapi?"

Mama alijibu kutoka kitandani, sauti imekauka: "Imefika, baba. Cheza huko huko nje, usiingie."

Nilicheza mpaka jioni, nikifurahi kwamba leo hanitumi maji. Walipomtoa amefunikwa shuka, walikanyaga nyayo zangu nyeupe.