Mathieu wa Laure na Shimo la Mchangani

Kabla sijamsema Laure, mjue kwamba minye nimebeba mizigo bandarini Kalundu miaka ishirini na miwili. Nimebeba mamba mzima ndani ya kasha, na yeye ndiye aliyeniogopa. Sasa mjusi mmoja, tena wa kufugwa ndani ya nyumba, angenishinda? Alinishinda.

Laure ni mtoto wa dada yangu. Anafanya kazi ya nyumba kwa Dokta Bruno, mzungu aliyepanga huku Kilibula. Maneno yake machache, lakini kuku wake hawafi, maua yake hayakauki, hata nguo alizofua yeye huchelewa kuchakaa. Dokta alipokwenda likizo kwao alimwachia mjusi wake wa jangwani, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, mwenye miiba kidevuni kama ndevu za padri aliyepoteza wembe. Jina lake Mathieu. Laure alimwambia, "Utamukuta, Dokta." Kwa Laure, neno kama hilo ni kiapo.

Wiki ya tatu Mathieu akaacha kula. Panzi wanampita puani, yeye anafumba macho. Kisha akaanza kuchimba. Alijisukuma kwenye kona ya sanduku lake la kioo, akitupa mchanga nyuma, mpaka ukabaki unaona mkia tu.

Laure akanikimbilia. "Mujomba, Mathieu iko anajizika!"

Dokta alikuwa ameacha karatasi ya Kifaransa kwenye friji. Kwa kuwa nilifika mwaka wa pili sekondari, nilisoma mistari mitatu ya kwanza kwa sauti ya gavana, na ile mingine kumi na mmoja nikaijaza kwa akili yangu. Mitatu ile ilisema akilala sana wakati wa baridi tusiogope, tumwekee maji tu.

"Kulala ni kulala," nikamwambia Laure. "Huyu anachimba. Huyu iko mugonjwa, na mugonjwa minye ninamujua."

Kwetu mgonjwa akianza kugeukia ukuta haachwi. Anakalishwa, anaegemezwa, anasemeshwa, watu wanaingia kumsalimu ili asipate nafasi ya kuondoka kimya kimya. Basi nikamchomoa Mathieu mchangani, nikamkalisha juu ya kitenge kando ya mbabula yenye makaa machache, maana umeme ulikatika na taa yake ya joto ilikuwa imezima tangu Jumatatu. Jirani yetu Naomie akaja kumwona na ndagala, dagaa wa ziwani, kiganjani.

"Pole, Mathieu," akasema. Kisha akanigeukia: "Na weye mwenye kuogopwa na mamba, mbona haka kadogo kanakutoa jasho?"

Mathieu akashuka, akarudi kuchimba. Nikamtoa. Akarudi palepale. Nikamtoa. Siku nne tulishindana hivyo, na siku ya tano akatulia juu ya kitenge.

"Umeona?" nikajisifu. "Ukaidi umemutoka."

Laure alikuwa amempapasa tumbo. "Mujomba, iko na vitu ndani. Vya mviringo, kama maharage makubwa."

Rezo ya simu ilirudi mjini siku ya sita, tukampata Dokta.

"Anachimba?" sauti yake ikapanda. "Laure, niliandika mwisho wa karatasi! Sina hakika kama ni dume. Kama ni jike, hata bila dume hutaga. Mwacheni achimbe."

"Na kama hana tena nguvu ya kuchimba?" Laure akauliza.

Dokta akasema Mathieu anahitaji mganga wa wanyama wa kumpasua. Tuliyemjua sisi ni mmoja, wa ng'ombe. Alikuja, akatazama, akasema hajawahi kufungua kitu kidogo hivyo, akaenda zake.

Laure akalowesha mchanga, akachimba kwa mkono wake kwenye ile kona aliyoichagua Mathieu, mpaka kiwiko kikazama. Akamlaza ndani.

"Ingia, mama. Hakuna mwenye kukutoa tena."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nilikalia mikono yangu. Yalitoka mayai mawili, meupe, laini. Tukasubiri mengine. Mathieu alisogeza mguu mmoja wa mbele, mara moja, kama anayetaka kuendelea na kazi, kisha basi. Tumbo lilikuwa bado limejaa. Laure aliacha kiganja chake juu ya mgongo ule mpaka ulipopoa, ndipo akasukuma mchanga ukafunika.

"Nilisema atamukuta," akanong'ona.

Nikaenda kwenye friji, nikabandua karatasi. Mstari wa kumi na nne ulikuwa mfupi. Hata minye niliuelewa wote.