Chipu za Ng'ambo

Juzi nilipeleka redio yangu kwa fundi pale Likoni, nikamkuta bwana mmoja wa bara kaegemea kaunta, tai imemkaba. Kompyuta ya kiwanda chao cha Changamwe, kubwa kama kabati, imekufa, na walioiunda hawatengenezi tena vipuri vyake. Alitaka chipu, vile vidude vyeusi vyenye miguu kama mende.

Fundi akafunua kopo la maziwa, akatoa chache, akazipuliza vumbi.

"Za hapa hapa hizi?" bwana akakunja uso. "Mimi nataka za ng'ambo."

"Wallahi, hizi zimetoka ng'ambo."

Uso ukakunjuka. Akazipokea kwa mikono miwili kama tende za futari. Alipoigeuza moja, akaona tone la rangi ya kijani: alama ya kiwanda chao wenyewe. Zilitoka kwenye kompyuta yao ya pili, waliyoiuza kama chuma chakavu.

"Umeniapia uongo!"

"Uongo upi, bwana wangu?" fundi akauliza taratibu. "Ng'ambo si hapo tu, ukivuka feri?"

Bwana hakurudisha hata moja. Alizifunga kwenye leso, akaenda kungoja feri imrudishe ng'ambo.