Heri Mvivu Kamili

Mshona nguo mmoja aliolewa na mwanamume mvivu hata kuku alitaga kofiani mwake, naye kaivaa. Cherehani ilipokwama, sare ishirini za shule zikingojewa Jumatatu ifuatayo, mume alifumbua jicho moja tu. "Usiniambie niifungue. Nitachoka."

Basi akaitwa kaka wa mke, mtu wa msemo "kila kitu kwa kiasi". Jumanne alifungua skrubu nne, akanawa mikono. Jumatano nne nyingine. Kufika Ijumaa cherehani ilikuwa vipande vitupu kwenye sinia, na kaka anaaga.

"Kaka, si umalizie!"

"Dada, hata kazi ina kiasi chake. Wiki ijayo nitaendelea."

"Na Jumatatu watoto wavae nini? Hicho kiasi chako?"

Mume akapiga mwayo mkekani. "Mke wangu, mimi nimekuharibia nini?"

Mke alitaka kumrushia pasi. Lakini akavitazama vile vipande kwenye sinia, akamgeukia kaka. Akamfukuza, akaketi kukaza skrubu moja moja mpaka cherehani ikazunguka, akashona hadi Jumapili usiku. Sare ya ishirini ilipotoka, akamfunika mumewe shuka, akamwonya: "Ole wako uamke unisaidie!"