Picha Sitini za Sarafu Moja

Mtaani walimwita Bana Pumzi, maana kazi yake ya kupiga picha sarafu za kale haikutaka hata kupumua. Sarafu moja aliipiga picha sitini, kamera ikisogea kiasi cha unywele kila mara, kisha kompyuta ikaziunganisha kuwa picha moja iliyo wazi kila mahali. Mtu akitembea chumbani, sakafu ya mbao hutikisika, na kazi huanza upya.

Siku hiyo sarafu ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe yuko njiani kuichukua. Picha ya ishirini ilipopigwa tu, mlango ukafunguka. Mama mkwe.

"Mama, simama hapo hapo," Bana Pumzi akasema bila kugeuka.

Mama mkwe alikuwa keshainua mguu. Akabaki nao hewani kama korongo.

"Mwanangu kaolewa na mtu anayekodolea senti kabla ya kumwamkia mkwewe."

"Shikamoo, mama. Zimebaki arobaini."

"Marahaba. Piga, nitakusema nikishusha mguu."

Nzi akatua puani pa mama mkwe, akalala kidogo, akaamka, akaenda zake. Picha ya sitini ikatoka safi. Kwenye kompyuta, mfalme aliyechorwa kwenye sarafu alionekana unywele mmoja mmoja. Mama mkwe akashusha mguu, akasogea, akatazama.

"Kinyozi wake alimdanganya hapa nyuma ya sikio," akasema.

Mwenye sarafu alipofika, akaitazama picha mpaka akasahau kuketi. Akauliza ni nani aliyeipiga.

"Tumeipiga," akajibu mama mkwe, kabla mkwewe hajafungua kinywa.