Kinyozi Aliyebeti kwa Macho

Mtaani kwetu San Pedro de Macorís watu wanabeti besiboli kwa njia mbili. Wapo wanaochambua takwimu za gazetini mpaka macho yanawatoka machozi, na wapo waliokuwa wanasubiri Nicanor Peguero aweke dau lake, halafu nao wanaweka hapohapo alipoweka. Hawa wa pili ndio walikuwa wengi, na ndio waliokuwa wanakula hela, jambo lililowakera sana wale wa magazeti.

Nicanor ni kinyozi. Ana chumba kimoja cha kunyolea na dirisha pana linalotazama kibanda cha kubeti cha Yokasta, ng'ambo ya barabara. Ana miaka sitini na mitatu, na tangu shuleni alikuwa hawezi kuona mlango umerudishwa bila kutaka kujua nyuma yake kuna nini. Ukimkaribisha supu atakuuliza nyama umenunua bucha gani, kwa nini umehama bucha ya zamani, na mlikosana nini na mwenye bucha. Mkewe, Ercilia, husema aliolewa na polisi asiye na mshahara.

Wachezaji wa timu yetu wananyolewa kwake, kwa hiyo udadisi ule ukapata kazi ya kufanya. Mwaka mmoja mdakaji wetu alikuja na shati lenye mistari miwili ya pasi kwenye mkono mmoja. Nicanor akajua kalipiga pasi mwenyewe, maana yake mke kaondoka, maana yake mtu halali usingizi. Akaweka dau kwa wapinzani. Jioni ile mdakaji aliangusha mipira mitatu, na mtaa mzima ukapanga foleni kwa Yokasta kuchukua hela. Mwaka mwingine mrushaji mmoja wa Venezuela aliomba akatwe nywele fupi kuliko kawaida yake, na Nicanor akasema huyu Jumapili hatutamwona, ana safari. Ijumaa jamaa alikuwa kwenye ndege.

Mwenyewe hakuwa mroho hata kidogo. Dau lake lilikuwa bei ya kunyoa ndevu za mtu mmoja, halipandi, halishuki, na kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuruka mechi hata moja ya timu yetu, hata siku aliyomzika baba yake. Alichokuwa anatafuta ni kujua kama alichokiona kwenye kiti chake ndicho kitakachoonekana uwanjani. Akishinda, anakaa na mkeka wake, ile karatasi ya dau, mfukoni siku mbili tatu akiutoa na kuutazama, mpaka Yokasta anamfokea aende akachukue pesa zake.

Katika wote aliowanyoa, aliyempenda zaidi ni Radhamés Tejeda, mrushaji, mtu wa Hato Mayor, mrefu mpaka miguu inapitiliza kiti. Kila zamu yake ya kurusha ilipofika alikuja asubuhi kunyolewa ndevu, na wabetiji walijaa kwenye benchi kumtazama kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Januari ile Radhamés alikuwa na miaka thelathini na minane, umri ambao wenzake wengi wameshakuwa makocha au wauza bia. Ligi yetu huishia mwezi huo, na hakuwa na mkataba popote kwa msimu wa katikati ya mwaka. Lakini mtaa mzima ulijua kwamba Jumapili timu moja ya Mexico inamtuma mtu kuja kumwangalia. Akirusha vizuri, amepata mwaka mwingine wa kazi. Akiharibu, anarudi Hato Mayor kumsaidia kaka yake kukamua ng'ombe, na yeye ng'ombe alikuwa anawaogopa.

Jumapili hiyo alifika saa tatu asubuhi. Benchi lilishajaa.

"Leo vipi, bingwa?" akauliza Fausto. Huyu Fausto anatengeneza pikipiki, na binti yake mkubwa Nicanor ndiye aliyemsimamia ubatizo, kwa hiyo wameshakuwa ndugu.

"Leo wataona moto," Radhamés akajibu kutoka ndani ya povu.

"Moto wa kuni au wa gesi? Maana mara ya mwisho tuliona moshi mtupu."

Benchi likaangua kicheko. Radhamés naye akacheka, na Nicanor akasogeza wembe kando mpaka kicheko kimwishe. Kisha akataka kumgeuza kidogo, na katika kumgeuza kiganja chake kikatua juu ya bega la kulia.

Pumzi ya Radhamés ikakatika. Hakuguna wala hakushtuka, ila pumzi ilikatika kabisa, na mtu aliyeshika wembe kwenye koo la mwenzake anaisikia pumzi kuliko daktari. Nicanor akakiondoa kiganja polepole, akaendelea na kazi. Mwishoni akampa kioo kidogo cha mkononi ajitazame. Kwa miaka saba Radhamés alikuwa anakipokea kwa mkono wa kulia. Leo alikipokea kwa wa kushoto, akijifanya ule mwingine umebanwa na shuka. Akabaki amekaa kidogo kwenye kiti, ndevu zimeshaisha. Halafu akainuka kwa kujisukuma na mkono uleule wa kushoto, akaaga, akatoka.

Muda wote huo mgongo wa Nicanor ulikuwa umeliziba benchi. Kwa hiyo aliyejua ni yeye peke yake.

"Haya fundi, tupe habari," Fausto akamwambia Nicanor. "Mkono ukoje?"

"Mkono upo. Nimeuona, una vidole vitano."

"Usituletee utani asubuhi yote hii. Unaweka wapi?"

"Kwanza ninywe kahawa."

Akaenda uani, akamkuta Ercilia anaponda ndizi za chai. Akamweleza kwa sauti ya chini. Ercilia hakuacha kuponda.

"Si usiweke basi," akasema.

"Nisipoweka watajua kuna kitu. Miaka thelathini na moja, mama. Watajua kabla sijamaliza kufuta wembe."

"Basi weka kwa wapinzani kama ulivyozoea."

"Nikiweka kwa wapinzani, Yokasta atatangaza. Mpwa wa kocha yuko pale kibandani anakunywa kahawa. Saa nne kocha anazo habari, saa tano Radhamés hayumo kwenye timu, na yule mtu wa Mexico ataangalia nyasi."

"Basi weka kwa Radhamés. Ni hela ya ndevu, hutakufa."

"Na Fausto atanifuata na mshahara wake wote."

"Mwambie asikufuate! Nicanor, mbona unajua mambo ya kila mtu halafu hujui kufungua mdomo?"

Ni hapa inabidi niseme ukweli, kwa sababu baadaye mtaa ulitaka kumfanya mtakatifu au mpumbavu, na hakuwa hata kimoja. Alimwonea huruma Radhamés, hilo halina ubishi. Lakini chini ya huruma ile kulikuwa na kitu kingine kinamwasha. Alitaka kuona. Alitaka kujua kama mtu aliyerusha mpira miaka ishirini anaweza, kwa akili na ujanja peke yake, kuwashinda vijana kwa bega lililokwisha. Hajawahi kuwa na mechi aliyotamani kuitazama namna ile.

Akavuka barabara. Yokasta hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

"Fundi anaweka kwa Radhamés!" akapaza sauti, na benchi zima likasimama na kumfuata ng'ambo.

Nicanor akamshika Fausto kiwiko, akamvuta pembeni. "Ndugu yangu, leo usinifuate."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Leo siko vizuri, naweza kukosea."

Tabasamu likaanza kumpanda Fausto usoni. "Ahaa! Hutaki tujazane wote tuiharibu bei. Umeona kitu kizuri unataka ule peke yako! Miaka yote hii, Nicanor, leo ndiyo unaanza uchoyo?"

"Sio hivyo, Fausto."

"Yokasta! Mimi niwekee kama fundi, halafu mara mbili!"

Mechi ilianza saa kumi na moja jioni. Uwanja hauko mbali, lakini Nicanor hakwenda. Alikaa na redio kwenye chumba chake cha kunyolea, na wenzake wakambananisha pande zote. Kipindi cha kwanza Radhamés aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira ya polepole, ya polepole mno, na vijana wa La Romana, wapinzani wa siku hiyo, waliokuwa wanangoja moto wakazungusha magongo kabla mpira haujafika. Mtangazaji akacheka hewani. Kipindi cha pili hivyohivyo. Nicanor alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mdomo wazi, ana furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu. Anawadanganya, akawaza. Hana kitu mkononi na bado anawadanganya!

"Uchoyo wako umekuwa dawa, fundi," Fausto akamwambia akimpiga mgongoni.

Kipindi cha nne wale vijana wakaacha kuwa na haraka. Wa kwanza akasubiri, akaupiga mpira mpaka ukutani. Wa pili naye hivyo. Radhamés akaona ujanja umeisha, akaamua kurusha kwa nguvu mpira mmoja, mmoja tu, na mtangazaji akanyamaza katikati ya sentensi. Kisha akasema kwamba mrushaji amepiga goti, ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto, na daktari anaingia uwanjani. Aliyemrithi alichapwa bila huruma. Mikeka ikachanwa kwa Yokasta mpaka lami ikawa nyeupe.

"Umeishiwa, mzee," mmoja akamwambia Nicanor akipita. "Kanyoe mbuzi."

Fausto alimwangalia, na pengine ndipo alipoelewa lile onyo la asubuhi, maana aliondoka bila kuaga. Nicanor akazima redio. Jina lake la miaka thelathini na moja lilikuwa limekwenda na mechi moja, na ajabu ni kwamba halikumuuma kama alivyotegemea. Kilichokuwa kinamrudia ni ile sauti ya mtangazaji ilivyokatika.

Jumanne asubuhi Radhamés aliingia. Haikuwa zamu yake ya kurusha na benchi lilikuwa tupu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani. Akakaa kitini, Nicanor akamfunika shuka kwa uangalifu, akaanza kupaka povu.

"Daktari amesema umechanika wote," Radhamés akasema. "Sirushi tena. Mtu wa Mexico alikuja hospitali na machungwa. Mtu mwema."

Nicanor akaendelea kupaka povu ambalo lilishatosha.

"Nimesikia uliweka kwangu," Radhamés akasema.

"Niliweka."

"Na ulijua. Ulivyokiondoa kile kiganja chako begani nikajua umejua."

"Nilijua. Ndiyo maana niliweka kwako. Ningeweka kwingine kocha angekutoa."

"Nashukuru." Povu likaanza kumkauka mashavuni. "Ulipomaliza kuninyoa sikuinuka haraka. Uliona?"

"Niliona. Nilidhani unapumzika."

"Nilikuwa nakungoja, fundi. Unajua sabuni ninayofulia, unajua siku ambayo mama yangu amenipigia simu. Miaka saba sijakuta mtu anayenitazama namna hiyo, hata mke wangu. Nikasema moyoni, huyu akiniuliza tu kama naumwa, namwambia ukweli, na siendi uwanjani. Nilikuwa nimechoka kuficha. Nilitaka mtu mmoja aniulize."

Nicanor akataka kusema kwamba alikuwa amemfichia siri, kwamba alilipia siri hiyo kwa jina lake mtaani. Maneno yalimfika mdomoni na akayaona ni madogo. Alikuwa ameona kila kitu, na akaenda kukaa karibu na redio kuona kitakachotokea.

Aliuweka wembe mezani. Akafuta mikono, akaenda kuufunga mlango, akavuta kigoda mpaka magoti yake yakagusana na ya Radhamés, mahali ambapo hakuwahi kukaa na mteja yeyote.

"Bega linakuuma wapi?" akauliza.

Radhamés akaanza kueleza. Ilianza Agosti ya mwaka juzi, akasema, katika mji mmoja wenye mvua, na mwanzo alidhani ni baridi. Watu wawili waligonga mlango wakaondoka, na Nicanor hakugeuza kichwa kuona ni akina nani.