Gloriose na Ukurasa wa Waliosoma Hapa

Mimi Eufrasia ni karani wa shule yetu hapa Bangwe, Kigoma, mwaka wa kumi na nane huu, na sijaona mtu mwenye kichwa kigumu kama Gloriose. Mwaka 2014 mkuu wa shule alimpa kazi ya kututengenezea tovuti mpya. Basi akaipaka rangi mpaka macho yakaniuma: juu buluu ya ziwa, pembeni rangi ya mawese, katikati watoto wanacheka na mapengo yao. Tulijazana ofisini kutazama, raha tupu, mpishi akasahau maharage yakaungua.

Ugomvi ulianzia kwenye ukurasa wa waliosoma hapa. Gloriose mwenyewe alisoma kwetu. Mwaka 1996, ana miaka minane, yeye na familia yake walikimbia Burundi kwa boti mbili. Yake ilifika Kigoma; ya mama na kaka yake haikuonekana. Mzee Leodgar wa hapa Bangwe akamlea, na shuleni akaandikwa Gloriose Leodgar. Sasa anataka ajiandike Gloriose Kabura.

"Kabura ndiye baba yako?" nikamuuliza.

"Hapana, dada Eufrasia. Ni jina langu mwenyewe. Kwetu kila mtoto hupewa lake. Kaka yangu ni Manariyo."

"Ndugu wa tumbo moja, majina mbalimbali? Usinichezee akili. Daftari linasema Leodgar."

"Mama akinitafuta, Leodgar atamjulia wapi?"

Aibu ikanishika. Miaka yote hiyo tulikuwa tumemficha kwa kalamu yetu wenyewe. Nikaenda kwa mkuu, nikamng'ang'ania mpaka akakubali iandikwe hivi: Gloriose Kabura, mtoto wa Verediana, aliyelelewa na Mzee Leodgar.

Tovuti ikafunguliwa. Wiki ya tatu nikakuta ujumbe, nikamwita Gloriose mbio. "Mimi Manariyo, tuko Uvira, Kongo. Rafiki kanionyesha jina lako na la mama. Dada, sisi tulikwisha kuanua matanga yako. Mama haamini mpaka asikie sauti." Chini yake, namba ya simu.

"Piga wewe," Gloriose akaniambia, akanisukumia simu.

Nikapiga. Akapokea mama mtu mzima. Nikampa Gloriose simu, nikatoka nje, mimi ninayejulikana Bangwe nzima kwa kusikiliza ya watu, nikafunga mlango.